Kusakinisha Debian kwenye diski za zamani kunachukua muda mrefu mno: je, uandishi wa diski unaweza kupunguzwa?

Mtunza_Maabara ameuliza:

Wakuu, salaam.

Nimekabidhiwa kazi ya kuandaa maabara ya kompyuta katika shule moja ya sekondari huku mkoani. Kompyuta zenyewe ni za mezani, zilitumika maofisini kabla ya kutolewa kwa shule, na nyingi zina RAM ya GB 4 pamoja na diski za kuzunguka, baadhi za mizunguko 7200 kwa dakika na nyingine 5400. Tumeamua kuweka Debian (mfumo endeshi wa aina ya Linux) pamoja na programu za ofisi na za masomo. Ili tusimalize bando, nimeweka apt-cacher-ng kwenye kompyuta mpakato ninayoitumia kama seva, kwa hiyo kila kifurushi cha programu hupakuliwa kutoka intaneti mara moja tu, na baada ya hapo mashine zote hukichukua hapo hapo chumbani kupitia swichi. Kompyuta huwaka kupitia mtandao, husoma faili la preseed (majibu ya maswali ya kisakinishi yaliyoandikwa mapema) na kuendelea zenyewe bila mtu kubonyeza kitu.

Kinachonisumbua ni muda. Mtandao sio kikwazo, kwa sababu upakuaji wa vifurushi humalizika haraka. Baada ya hapo ndipo kazi hukwama: nikibonyeza Alt na F4 kutazama taarifa za kisakinishi, naona mistari ya "Unpacking" ikipita mmoja mmoja kwa kusuasua, taa ya diski inawaka bila kupepesa, na ilhali kichakataji hakina kazi ya maana. Ukubwa wa data inayoandikwa ni GB chache tu, na diski hizi hizi, nikinakili faili moja kubwa, huandika makumi ya MB kwa sekunde.

Naomba kueleweshwa diski inafanya nini muda wote huo, na kama kuna namna ya kuipunguzia kazi ya kuandika wakati wa usakinishaji. Nizingatie pia kwamba umeme wa huku hukatika bila taarifa na shule haina UPS, hivyo sitaki njia ya mkato itakayoniachia mashine zenye mifumo mibovu.

---

Fundi_wa_Seva amejibu:

Salaam, mkuu. Dalili umezieleza vizuri, na zinaonyesha kwamba diski yako hailemewi na wingi wa data. Inalemewa na idadi ya mara inazolazimishwa kuthibitisha kwamba data imeshatua kwenye sahani. Kwa kawaida programu ikiandika faili kwenye Linux, kerneli (kiini cha mfumo endeshi) huipokea data hiyo na kuiweka kwenye RAM, kisha huishusha diskini baadaye kwa mafungu, ikiwa imepangwa kwa utaratibu unaopunguza safari za kichwa cha kusomea. Kwa mipangilio ya kawaida data inaweza kukaa kwenye RAM hadi sekunde 30 kabla ya kulazimika kushuka. Utaratibu huo ndio unaokupa makumi ya MB kwa sekunde unaponakili faili moja kubwa.

Programu isiyotaka kusubiri bahati huita fsync, yaani humwambia kerneli: usinirudishie jibu mpaka faili hili liwe limefika diskini kwelikweli. dpkg, ambayo ndiyo inayofungua vifurushi vyote vya Debian, ni mwitaji mkubwa wa fsync. Inapofungua kifurushi huyaandika mafaili yake kwa majina ya muda yanayoishia na .dpkg-new, huita fsync kwa kila faili, na baada ya hapo tu ndipo huyabadilisha majina yakae mahali pa mafaili ya zamani. Mbali na hayo, kila kifurushi kinapohama kutoka hatua moja kwenda nyingine, kwa mfano kutoka kufunguliwa hadi kusanidiwa, dpkg huandika taarifa hiyo katika /var/lib/dpkg/updates na kuhakikisha nayo imetua. Halafu kila baada ya muda huliandika upya faili zima la /var/lib/dpkg/status, ambalo kwenye mfumo wenye vifurushi vingi hufikia MB kadhaa.

Sasa ipigie hesabu diski ya mizunguko 7200 kwa dakika. Huzunguka mara 120 kwa sekunde, kwa hiyo mzunguko mmoja ni takriban milisekunde 8.3, ya mizunguko 5400 ni takriban milisekunde 11. Kila fsync kwenye ext4 (mfumo wa faili ambao Debian huutumia kwa kawaida) humaanisha kuandika data yenyewe, kuandika kumbukumbu ya mabadiliko katika eneo maalumu ambalo mfumo wa faili umelitenga kwa kazi hiyo, na kisha kuiamuru diski iondoe kila kilichomo kwenye akiba yake ya ndani. Ni vigumu kazi hiyo kukamilika chini ya mizunguko miwili au mitatu, hata kama faili lenyewe lina herufi mia moja tu. Tukikadiria kwa wastani milisekunde 25, basi miito 10,000 ya aina hiyo inakula zaidi ya dakika nne za kusubiri tupu, na mfumo wenye mazingira ya picha hubeba zaidi ya vifurushi 1000, vingi vikiwa na mafaili mamia. Ni sawa na mwenye duka anayekimbilia benki kila anapouza kiberiti.

Swali la kujiuliza ni hili: fsync hiyo inalinda nini wakati wa usakinishaji? Kwenye mashine inayotumika inalinda mfumo uliokuwa ukifanya kazi jana, ili umeme ukikatika katikati ya masasisho usikute maktaba muhimu zimebaki tupu. Kwenye mashine mpya hakuna cha jana. Umeme ukikatika usakinishaji ukiwa umefika asilimia 60, hata kama kila faili lilithibitishwa, hakuna mtu atakayeuendeleza pale ulipoishia. Utaiwasha mashine upya na kuanza na kugawa diski. Ulinzi huo unaugharamia kwa muda mrefu na hutautumia hata siku moja.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kuizima fsync kwa kipindi hicho pekee. Debian ina maktaba ndogo iitwayo libeatmydata, na jina lake la mzaha, "kula data yangu", ni onyo tosha. Maktaba hiyo hupakiwa kwa LD_PRELOAD kabla ya programu kuanza, na programu inapoita fsync, fdatasync, sync au msync, maktaba hujibu papo hapo kwamba kazi imefanyika, bila kumsumbua kerneli. Kwa ajili ya kisakinishi lipo toleo lake dogo liitwalo eatmydata-udeb. Kwa kuwa mashine zako huwaka kupitia mtandao, ongeza maneno haya kwenye mstari wa kuwashia:

`preseed/early_command="anna-install eatmydata-udeb"`

Kama faili lako la preseed tayari lina early_command, iunganishe amri hiyo na iliyopo kwa nukta-mkato, kwa sababu ukiandika mbili, moja itafutwa na nyingine. Toleo hilo huzifunika dpkg na wenzake ndani ya mfumo unaosakinishwa wakati kazi ikiendelea, na kazi ikiisha hujiondoa.

Zingatia kwamba data yenyewe bado itaandikwa. Kinachobadilika ni kwamba kerneli inapata nafasi ya kuipanga na kuishusha kwa mafungu. Hata hivyo sehemu fulani ya uandishi hutoweka kabisa: mafaili ya muda yanayoandikwa na kufutwa ndani ya sekunde chache hayafiki diskini hata kidogo, na faili la status, ambalo lingeandikwa tena na tena, hushuka mara chache.

---

Mhariri_wa_Kerneli amejibu:

Nakubaliana na mkuu hapo juu kwa sehemu kubwa, lakini ningependa mwenye swali aelewe kwa nini dpkg ilifikishwa hapo, maana wasomaji wengine watachukua amri hizi na kuzipeleka kwenye seva za kazini.

Mwaka 2009, ext4 ilipoanza kusambaa, watumiaji walianza kulalamika kwamba baada ya mashine kuzimika ghafla walikuta mafaili ya mipangilio yakiwa na urefu wa sifuri. Sababu ilikuwa kwamba ext4 huchelewesha kuamua data ikae wapi diskini, kwa hiyo jina jipya la faili liliweza kutua kabla ya maudhui yake. Mwaka uliofuata dpkg ikaongezewa fsync kabla ya kubadilisha majina, na malalamiko ya kasi yakaanza mara moja, ndipo ikaletwa hiari ya --force-unsafe-io. Hiari hiyo unaweza kuiweka kwa kuandika neno force-unsafe-io ndani ya faili lolote katika /etc/dpkg/dpkg.cfg.d/, na ndivyo zinavyofanya picha rasmi za Debian za Docker. Ila inagusa ufunguaji wa mafaili tu. Hifadhidata ya dpkg inaendelea kuthibitishwa kama kawaida. Kwa hiyo haina kasi ya eatmydata, lakini kwangu mimi ndiyo yenye busara zaidi pale unapotaka nafuu bila kuvua ulinzi wote.

Ipo pia njia ambayo mwongozo wa dpkg wenyewe unaipendekeza na ambayo watu huipita bila kuiona: kupandisha (mount) mfumo wa faili wa ext4 kwa hiari ya nodelalloc badala ya kutumia --force-unsafe-io. Hiari ya nodelalloc inazima ule ucheleweshaji ulioleta mafaili matupu, hivyo, kwa mujibu wa mwongozo huo, inatatua tatizo la kasi na la usalama wa data kwa pamoja.

Nina mashaka na wanaoshauri kuongeza barrier=0 kwenye ext4, yaani kuzima vizuizi vinavyoilazimisha diski kufuata mpangilio wa kuandika. eatmydata inawahusu dpkg na watoto wake tu, na mfumo wa faili wenyewe unabaki na mpangilio wake sahihi wa kuandika, hivyo umeme ukikatika utapoteza data ya mwisho lakini muundo utakuwa mzima. Ukiondoa vizuizi hivyo, diski inaweza kuandika mambo kwa mpangilio wowote unaoipendeza, na mfumo wa faili wenyewe unaweza kuharibika. Faida inayobaki baada ya eatmydata ni ndogo, na watu huisahau hiari hiyo ndani ya /etc/fstab.

Kwa wanaosakinisha ndani ya mashine pepe, hawahitaji lolote kati ya haya. QEMU, programu ya kuendesha mashine pepe, ina cache=unsafe, ambayo hupuuza maombi yote ya mashine pepe ya kushusha data. Sakinisha nayo, zima mashine pepe kwa utaratibu, kisha urudishe mpangilio wa kawaida kabla ya kuitumia.

Neno moja zaidi kuhusu kile unachokiona kwenye taa. mkfs.ext4 (amri inayounda mfumo wa faili) ya siku hizi humaliza haraka kwa sababu huacha sehemu ya majedwali yake bila kuandikwa, kisha kerneli huyajaza taratibu kupitia uzi uitwao ext4lazyinit baada ya mfumo wa faili kupandishwa. Kwa hiyo kwenye diski ya GB 500 sehemu ya uandishi unaoendelea wakati wa usakinishaji, na hata baada yake, haina uhusiano na vifurushi. Usiizime mashine kwa hasira ukidhani imekwama.

---

Kilongola amejibu:

Mimi naliona swali kwa upande mwingine. Kama kompyuta ni nyingi na zinafanana, kwa nini kila moja isakinishe kifurushi kimoja kimoja? Sakinisha moja kikamilifu, ihakiki, kisha uitoe nakala kwa Clonezilla na kuimwaga kwa nyingine zote kupitia mtandao. Clonezilla hunakili sehemu zenye data pekee, huandika kwa mfululizo, na ina njia ya kurusha nakala moja kwa mashine nyingi kwa wakati mmoja. Hapo mjadala wa fsync unakwisha wenyewe.

Baada ya kunakili, kila mashine ipewe jina lake, /etc/machine-id itengenezwe upya, na funguo za SSH za mashine zizalishwe upya, la sivyo utakuwa na maabara nzima inayojitambulisha kama kompyuta moja.

---

Mtunza_Maabara amejibu:

Nawashukuru sana, wakuu. Ndugu Kilongola, wazo la nakala nililifikiria, ila mashine hizi ni mchanganyiko: nyingine huwaka kwa BIOS ya zamani na nyingine kwa UEFI, na ukubwa wa diski unatofautiana, ikiwemo kadhaa ndogo kuliko ile ambayo ningetolea nakala. Faili la preseed linanirahisishia hilo kwa kuwa kila mashine inajigawia diski yake.

Nimejaribu eatmydata-udeb kwenye mashine mbili zinazofanana, moja ikiwa nayo na nyingine bila, nikaziwasha kwa pamoja. Tofauti inaonekana kwa macho: mistari ya "Unpacking" sasa inakimbia, na taa ya diski inawaka na kupumzika. Yenye maktaba ilishafika kwenye kusakinisha GRUB (programu inayowasha mfumo, hatua ya karibu na mwisho) wakati mwenzake bado ikihangaika na LibreOffice.

Nimebaki na maswali mawili. La kwanza, ikiwa programu zinadanganywa kwamba data imetua, ni nani anayehakikisha kwamba imetua kabla ya mashine kujiwasha upya? La pili linatokana na umri wa diski hizi. Nikikutana na diski yenye sehemu mbovu, je, dpkg itajua kwamba uandishi umeshindikana?

---

Fundi_wa_Seva amejibu:

La kwanza halikupi shida. Maktaba inazidanganya programu zilizoipakia tu; kerneli haijadanganywa na inajua kila ukurasa wa RAM ambao haujashuka. Mwishoni kisakinishi huutenganisha (unmount) mfumo wa faili wa /target, yaani ule wa mfumo mpya unaosakinishwa, kabla ya kuwasha mashine upya, na hatua hiyo haikamiliki mpaka kila kitu kiwe kimeandikwa. Ndiyo maana utaona mashine inakaa kimya kidogo kwenye hatua ya mwisho huku taa ikiwaka mfululizo. Waelekeze wasaidizi wako kwamba hapo ndipo pasipoguswa kabisa kitufe cha kuzimia. Ukitaka kuona kwa macho, fungua terminali ya pili kwa Alt na F2 na uandike `grep Dirty /proc/meminfo`: namba hiyo ni data inayosubiri kushuka. Itapanda wakati wa usakinishaji na kuanguka kuelekea sifuri mwishoni.

Kwa mashine ya GB 4 usitegemee kwamba kila kitu kitasubiri hadi mwisho. Data inayosubiri ikifikia takriban asilimia 10 ya kumbukumbu iliyo huru, kerneli huanza kuishusha kimyakimya, na ikifikia asilimia 20 huzilazimisha programu zinazoandika zingoje kwanza. Watu hupandisha vm.dirty_ratio ili kuongeza kiasi hicho. Mimi nisingeigusa, kwa sababu faida kubwa umeshaipata na unachoongeza ni muda wa ukimya kule mwishoni.

La pili ndilo zito, na ni vyema umeliuliza. fsync haina kazi ya kusubiri tu. Ndiyo pia njia ambayo programu huambiwa kwamba uandishi umeshindikana. Bila fsync, dpkg huandika kwenye RAM, hupokea jibu la mafanikio na kuendelea na safari. Diski ikikataa dakika moja baadaye, kosa hilo litaonekana kwenye taarifa za kerneli tu na dpkg haitaambiwa. Kwa diski zilizotumika miaka mingi maofisini, hii ndiyo hatari halisi ya eatmydata, kubwa kuliko kukatika kwa umeme, kwa sababu umeme ukikatika utajua.

Basi kabla ya kusakinisha, pima kila diski kwa `smartctl -a`, amri inayosoma taarifa za afya ya diski, na utazame hasa mistari ya Reallocated_Sector_Ct (sehemu mbovu zilizokwisha kubadilishwa) na Current_Pending_Sector (sehemu zinazoshukiwa kuwa mbovu). Diski yenye idadi inayosubiri katika mstari huo wa pili isiingie maabara hata kama inaonekana kufanya kazi. Baada ya usakinishaji, tafuta maneno "I/O error" katika /var/log/installer/syslog, ambamo kisakinishi huacha nakala ya taarifa zake.

---

Mhariri_wa_Kerneli amejibu:

Niongezee uhakiki wa mwisho, ambao una sharti moja la mpangilio. Mashine ikishawaka kwa mara ya kwanza kutoka kwenye diski yake, ingia kama root na uandike `dpkg -V`. Amri hiyo husoma upya mafaili ya vifurushi vyote na kulinganisha alama zake na zile zilizohifadhiwa na dpkg. Usiifanye kabla ya kuwasha upya, kwa kuwa wakati huo mafaili mengi bado yamo kwenye RAM, na utakuwa umeihakiki RAM badala ya diski.

Ikimaliza bila kuandika chochote, mafaili yote yanalingana. Mistari yenye herufi c katikati inahusu mafaili ya mipangilio, na ni kawaida kuikuta chache ikiwa preseed yako imebadilisha mipangilio hiyo. Mstari wenye tarakimu 5 bila c, hasa unaotaja kitu ndani ya /usr/bin au /usr/lib, unamaanisha maudhui yameharibika. Mtafute mwenye faili hilo kwa `dpkg -S` na umrudishe kwa `apt-get install --reinstall`. Ukikuta mistari ya aina hiyo kwenye vifurushi viwili au vitatu visivyohusiana, usihangaike kurejesha kimoja kimoja. Badilisha diski na usakinishe upya, maana sasa kazi hiyo haichukui muda mrefu kama ulivyozoea.